UZI: Kupima oili ya injini upate jibu la kweli (wenye gari Malindi na kwengineko, karibuni)

MwanaMaweni:

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Hapa kwetu kila mwenye gari atakwambia yeye hupima oili, na hasemi uongo, hufungua boneti akachomoa dipstiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, akapangusa akairudisha akaitoa tena akasema iko sawa, basi amemaliza. Lakini muulize leo ilikua wapi na wiki ilopita ilikua wapi, hajui. Muulize injini ilikua ya moto au baridi, gari ilisimama wapi, alingoja dakika ngapi, pia hajui. Mimi nataka tuzungumze kupima kwa maana ya kupima, yaani kesho ukipima tena uweze kusema injini imekula kiasi fulani au haijala kitu. Injini nyingi ambazo watu wasema zimekufa ghafla hazikufa ghafla, oili ilikua yapungua polepole miezi na miezi na dipstiki ilikua yasema, ni vile tu hapana aliekua akiisikiliza.

Ntatolea mfano Probox manake ndo gari zetu za kazi huku, za Gongoni, za Marafa, za Garsen. Ile ya injini ya 1NZ ya cc 1500 yachukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta, bila filta ni lita 3.4. Wekeni hizo nambari, tutazihitaji mbele.

Nianze na pahali pa kusimamisha gari, hapo ndo vipimo vingi huharibikia. Mji wetu ni tambarare kwa iyo mtu hudhani popote ni sawa, lakini sivyo, ua wa mchanga gurudumu moja huzama, sakafu ya sheli imejengwa na mteremko makusudi maji yatoke, na ukingo wa barabara lami imeinama kuelekea mtaroni. Sasa fanya hesabu na mimi. Chukua sampu, yaani lile karai la oili chini ya injini, yenye urefu wa sentimita 40, dipstiki iwe yaingilia karibu na mwisho mmoja, gari ilale digrii 3 tu ambazo kwa jicho hutaziona, basi pale mwisho oili yapanda au yashuka kiasi cha sentimita 1. Na kwenye dipstiki nyingi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni sentimita 2 au 3 hivi. Umeona? Theluthi au nusu ya kipimo chako imeenda kwa sababu ya ulipoegesha. Dawa yake haina gharama: egesha gari itazame baharini, pima, kisha igeuze pale pale itazame bara, ngoja muda ule ule, upime tena. Zikitofautiana pale si sawa, tafuta pengine. Zikilingana, weka alama ya magurudumu, ndo pawe pahali pako pa kupimia siku zote.

Alafu kungoja. Injini ikiwa yazunguka oili nyingi iko juu, kwenye hedi, kwenye njia zake, kwenye kuta, na ukizima yarudi chini kwa mwendo wake haina haraka na wewe. Vitabu vya Toyota vyasema pasha injini moto, zima, ngoja zaidi ya dakika 5. Honda wao wasema kama dakika 3. Mimi hungoja 10 na sijaona hasara yake. Ukichomoa dipstiki papo hapo umezima utaona iko chini, utaongeza, na ile ya juu ikisharudi umezidisha.

Kuna makosa mengine hapa ambayo hayasemwi sana. Asubuhi mtu ataka kupima baridi, lakini gari iko mchangani, kwa iyo awasha asogeza mpaka kwenye saruji, sekunde 30, azima apima. Huo ndo wakati mbaya kuliko wote! Oili imeshapandishwa juu na bado ni nzito, kurudi itachukua muda mrefu kuliko ile ya moto. Ukiwasha tu, umeshajifungia njia ya kupima baridi, sasa endesha mpaka ipate moto kisawasawa alafu upime kwa utaratibu wa moto. Au iegeshe pale saruji tangu jioni.

Sasa kuisoma. Mvuto wa kwanza usiusome kabisa, hata gari iwe imelala usiku kucha, kwa sababu ndani ya ule mrija dipstiki inamopita kuna oili imeganda kwenye kuta na dipstiki huipangusa ikipita. Toa, pangusa na kitambaa kisichotoa nyuzi au tishu, rudisha mpaka ikome, na nasema ikome kweli ile shingo ikae, hesabu pole pole mpaka tatu, toa. Ishike iangalie chini au ilale, ukiinua ncha juu oili yateremka kuelekea mkononi na utasoma uongo. Angalia pande zote mbili. Upande mmoja mara nyingi umepakwa na ile kona ya mrija, utaona mstari umepanda wenye mapengo mapengo, huo achana nao, soma ule upande unaosoma chini zaidi, pale mstari umejaa upana wote bila pengo. Rudia mpaka majibu mawili yafuatane sawa.

Alama F ni ya juu na L ni ya chini, wengine wana vitobo viwili, wengine ile sehemu ya michirizi. Popote kati ya hizo mbili injini yafanya kazi salama, si lazima igande kwenye F kila siku. Kutoka L mpaka F gari nyingi ni kama lita 1, kuna zafika lita 1 na nusu, kitabu cha gari yako chasema. Ukiongeza ongeza robo lita robo lita, ngoja ishuke, pima, usimimine chupa nzima kwa kubahatisha.

Na mwisho, andika. Tarehe, kilomita, ilikua wapi, umeongeza kiasi gani. Bila hivyo kesho utaanza upya.

Haya, uwanja wenu.

---

PanyaRoute_Kakuyuni:

Shukran kwa darasa mkubwa. Sasa niambie moja, moto ama baridi? Manake fundi wangu asema asubuhi kabla ya kuwasha ndo kweli, babangu naye kaendesha malori ya chumvi maisha yake yote asema oili hupimwa ikiwa moto, wananivuta huku na huku.

MwanaMaweni:

Mzee wako yuko sawa na fundi yuko sawa. Oili ikipata joto huvimba, kwa kila digrii moja huongezeka kama sehemu 7 katika 10,000. Huku kwetu asubuhi injini iliolala ina kama nyuzi 25 mpaka 28, si baridi ya bara, na ikiwa kazini oili iko 90 hivi. Tofauti ni nyuzi 60 na kitu, kwa lita 4 za oili yatoka kama lita 0.17. Kwenye dipstiki hio ni milimita chache. Kwa iyo ukipima baridi itasoma chini kidogo kuliko moto hata kama ni oili ile ile. Lakini pia ya baridi imepata usiku mzima kushuka yote, na ya moto haijashuka yote kwa dakika 10, hivyo vitu viwili vyapingana na mara nyingi majibu yakaribiana. Muhimu ni uchague moja usiihame. Mimi huchagua asubuhi kwa sababu asubuhi hainibishani, sihitaji saa wala kujua injini imefika joto gani. Lakini ikiwa kitabu cha gari yako kimeandika moto, na ukipima asubuhi waona iko juu ya F kidogo au chini ya L kidogo, kabla hujafanya chochote pima kwa njia ya kitabu. Alama zilichorwa kwa njia hio.

Na mheshimu mzee, malori yale ya diseli ya zamani yana oili nyingi sana, kuvimba kwake kwaonekana zaidi.

---

fundi_barani:

Uzi mzuri. Niongeze la gereji. Tukibadilisha oili, watu wengi wamimina wapima wanaona imefika F wafunga boneti. Ile filta mpya iko tupu! Ukiwasha yajaa, na oili kwenye sampu yashuka. Ndo hio tofauti ya 3.7 na 3.4 aliosema mwenye uzi, lita 0.3 yakaa kwenye filta. Kwa iyo mimina, washa dakika moja, angalia filta na ile bolti ya chini hazivuji, zima, ngoja, ndo upime. Mteja akiondoka gerejini bila hilo, kesho yake apima aona imepungua aanza kusema fundi kaniibia oili au injini yala.

Na oili mpya yasumbua kuona manake iko wazi haina rangi. Ilaze dipstiki juu ya tishu nyeupe, pale unyevu unapoanzia ndo kiwango. Au igeuze geuze kwenye mwanga wa jua utaona pale chuma kinapong'aa tofauti. Kuna wateja waniambia boss haina oili kabisa kumbe imejaa, hawaioni tu.

MwanaMaweni:

Barakallahu fik fundi. Hilo la tishu watu walishike.

---

MamaWawili_Watamu:

Hamjambo. Mimi naendesha Demio yangu kupeleka watoto shule na sokoni basi. Kila nikiingia sheli kujaza mafuta yule kijana anifungulia boneti anionyesha dipstiki ati mama oili iko chini kabisa, nunua lita moja. Nyumbani mume wangu akipima asema iko sawa. Nani nimwamini? Na naogopa kukataa isije kweli ikawa injini yaharibika.

MwanaMaweni:

Dadangu mwamini alopima vizuri, na kwa hapo sheli hapana anaepima vizuri hata akiwa mkweli wa kweli. Umeingia sasa hivi, injini imezimwa dakika haijafika, oili bado iko juu, sakafu imeinama. Lazima isome chini. Kijana huenda hana nia mbaya kabisa, aona anachokiona. Ila kuna wengine dipstiki hawaisukumi mpaka mwisho, sentimita 2 zikibaki nje basi gari iliojaa itaonekana ni tupu. Ukitaka kujua mwambie kwa upole, kijana wangu irudishe mbele yangu mpaka ikome, na usimame uangalie ile shingo imekaa.

Na usinunue hapo. Lita moja juu ya gari ilio karibu na F ni hatari kuliko upungufu mdogo. Oili ikizidi sana krenki, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni, yaipiga ikizunguka, yatoka povu, na pampu haiwezi kusukuma povu vizuri, kwa iyo injini yakosa oili hali imejaa oili. Nyingine yasukumwa kwenye njia ya hewa yaingia kuchomeka, ndo waona moshi wa buluu, na katalisti ya ekzosi yaumia. Sili nazo huanza kuvuja.

Halafu gari yako ni ya safari fupi fupi, shule soko nyumbani, hio ina jambo lake ntalisema chini.

fundi_barani:

Akishazidisha asiogope, atoe. Bolti ya chini kuilegeza kidogo ni kazi chafu, mimi hutumia sirinji kubwa na mpira mwembamba napitisha kwenye mrija wa dipstiki navuta pole pole, napima, navuta tena. Mpira uwe msafi.

---

Chapchap_Marereni:

Mimi gari yangu nikiweka lita 3.7 na filta mpya, nikapima kwa kungoja vizuri, yasoma juu ya F kidole kizima. Nikiacha kwenye F kama dipstiki inavyotaka ni kama lita 3 tu ndani. Injini si ya asili, ilibadilishwa na yule alieniuzia, ilitoka Japani ikiwa imetumika. Nifuate dipstiki au nifuate lita?

MwanaMaweni:

Swali la maana sana hili, na wenye injini za kubadilishwa wote wasome. Fuata lita, lakini uhakikishe kwanza lita zenyewe ni za injini ilio ndani sasa, si ile iliokua mwanzo. Angalia namba ya injini kwenye bloku, ujue ni ipi. Alafu kuna vitu vitatu huwa: dipstiki ni ya injini nyingine, au mrija ulitolewa ukarudishwa haukukaa mpaka mwisho, au sampu ni ya aina nyingine. Mrija ukisimama juu zaidi, dipstiki nayo yaning'inia juu zaidi na itasoma chini kuliko ukweli. Wewe yako yasoma juu, yaani dipstiki yafika chini sana, mimi nashuku dipstiki ndefu isiokua yake.

Njia ya kumaliza ubishi ni hio ulioanza. Toa oili yote ikiwa moto, gari ikiwa sawa, iache itiririke mpaka iwe matone. Filta mpya. Mimina kiasi cha kitabu kwa chombo chenye alama za mililita, usiamini chupa kwa macho. Washa, zima, ngoja, pima. Pale inaposoma ndo F yako ya kweli. Kwaruza alama ndogo kwa faili jembamba, safisha chembe za chuma zote kabla hujairudisha. Alafu ukiweza tafuta dipstiki yenyewe halisi.

fundi_barani:

Nathibitisha. Na wale waliovunja kile kishikio cha plastiki cha juu wakafunga waya, pia kipimo chao kimehama. Kishikio ndo kinachoamua dipstiki isimame wapi.

---

BahariaWaAmu:

Sisi huku Amu (Lamu) gari twaziona zaidi Mokowe tukivuka, kisiwani zaidi ni punda na miguu yetu, lakini injini tunazo, za boti. Za foo-stroki zina dipstiki pia. Nlitaka kuuliza kama hayo ya kulala sawa yahusu boti, manake boti yacheza maji hailali sawa hata siku moja.

MwanaMaweni:

Yahusu sana kaka, pengine kuliko gari. Injini ya nje ya foo-stroki kipimo chake ni ikiwa imesimama wima, imeshushwa kabisa, haikuinuliwa. Ile ambayo mmeipandisha kwa sababu ya maji kupwa, oili imehama yote, ukiishusha usipime hapo hapo, iache isimame kwa muda ndo upime. Boti ikiwa ufukweni imelalia ubavu usijisumbue. Pima ikiwa imetulia majini asubuhi hakuna mawimbi, chukua vipimo vitatu vinne usome vinapokubaliana. Tuu-stroki haina habari hizi, oili yake yachanganywa na petroli au iko kwenye tangi lake.

BahariaWaAmu:

Ahsanta. Na wale wenye gari wanaoziacha Mokowe siku nyingi wakiwa huku kisiwani?

MwanaMaweni:

Hao wana bahati ya kipimo kizuri, oili imeshuka yote. Wapime kabla ya kugusa ufunguo. Na wakitoka Malindi kuja huko ni zaidi ya kilomita 200, wapime alfajiri kabla ya safari, si pale njiani wakisimama kunywa chai na injini ingali yachemka.

---

Njiwa_wa_Shella:

Mimi yangu haipungui, maashallah. Miezi yaenda iko pale pale, hata nahisi yaongezeka kidogo. Hio si ndo dalili ya injini nzima?

MwanaMaweni:

La ndugu yangu, hapo simama kidogo tuzungumze, na Mama wa Watamu hili pia lako. Oili haina pa kuongezekea. Ikipanda kuna kitu kimeingia.

Cha kwanza ni petroli. Injini ikiwa baridi huvuta petroli zaidi, nyingine yateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye sampu. Ukienda safari ndefu oili yapata moto wa kutosha na ile petroli yavukizika yatoka. Ukienda Shella yetu ya Malindi mpaka sokoni na kurudi kila siku, haipati huo moto, yakusanyika. Oili yapungua kwa upande mmoja, petroli yajaza upande mwengine, dipstiki yasoma pale pale na wewe wafurahi, kumbe ndani oili imekua nyepesi haibebi tena mzigo. Inusa dipstiki. Ikinuka petroli waziwazi badilisha oili mapema na uipe gari safari ya Gongoni au mbali zaidi mara kwa mara. Harufu ikirudi haraka pana injekta yavuja au plagi moja haichomi.

Diseli za kisasa zenye filta ya masizi nazo, zikijisafisha hunyunyiza diseli ya ziada, na safari zikikatizwa yashuka kwenye oili. Hio usiiache hata kidogo. Diseli ikizidiwa na oili yaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, wazima ufunguo yaendelea kunguruma.

Cha pili ni maji ya redieta. Ukitoa dipstiki ukaona oili imegeuka kama chai ya maziwa, usiwashe tena, hedi gasketi hio au kipozeo cha oili, ivutwe mpaka gereji. Ila tofautisha: utando mdogo wa maziwa kwenye kifuniko cha kujazia peke yake, na dipstiki ni safi, na maji ya redieta hayapungui, huo mara nyingi ni unyevu wa hewa kwa gari ya safari fupi. Pwani yetu hewa ina maji mengi. Upanguse, uiendeshe mbali, uangalie ukirudi.

Njiwa_wa_Shella:

Nimeshuka kunusa sasa hivi. Yanuka petroli, si kidogo. Namtafuta fundi kesho.

fundi_barani:

Njoo na plagi zako za zamani usizitupe, nizione rangi.

---

Kijana_wa_Casuarina:

BMW ya boss haina dipstiki kabisa. Nimetafuta boneti nzima.

MwanaMaweni:

Huna makosa, nyingi za BMW tangu miaka ya 2000 hazina, injini za N52 na N54 kwa mfano. Kuna sensa ndani ya sampu na jibu lasomwa kwenye dashibodi au kwenye skrini. Masharti ni yale yale: pahali sawa, na injini iwe imefika joto lake la kazi, fuata menyu kama kitabu cha gari hio kinavyosema, ikikwambia ngoja ngoja. Usiongeze kwa sababu ya ujumbe uliokuja ukiwa kwenye mashimo au kona, rudia pahali sawa kwanza.

PanyaRoute_Kakuyuni:

Na hizi za kawaida, si taa nyekundu ya oili itaniambia ikipungua?

MwanaMaweni:

Hapana, na tafadhali hili mwambie kila dereva unaemjua. Ile taa nyekundu yenye birika ni ya presha, si ya kiwango. Yawaka pale pampu imeshavuta hewa au imeshindwa kusukuma, yaani vyuma vimeanza kusuguana bila oili. Ikiwaka ukiendesha zima injini saa hio hio, kando ya barabara, usiseme nifike Mambrui. Kuna gari zina taa nyingine ya manjano ya kiwango, lakini Probox zetu nyingi hazina. Kati ya L na taa nyekundu ni njia ndefu na hakuna kitakachokwambia uko katikati yake isipokua dipstiki.

---

tuktuk_ya_Kisumu_Ndogo:

Za tuktuk na pikipiki je?

MwanaMaweni:

Kuna zenye kioo kidogo ubavuni, simamisha wima si kwa stendi ya pembeni, ngoja, soma kati ya mistari miwili. Na kuna ambazo dipstiki imeungana na kifuniko cha kuzungusha. Hapo uliza kitabu: nyingi zataka uipachike tu bila kuizungusha, wewe ukiikaza yazama zaidi na yaonekana imejaa hali ni pungufu. Oili yake ni kidogo, chini ya lita 2, kwa iyo pungufu ya robo lita kwenye pikipiki si jambo dogo.

Automatic_Mayungu:

Nna dipstiki mbili kwenye yangu.

fundi_barani:

Moja ni ya giaboksi. Ile oili yake mara nyingi ni nyekundu, na kwa gari nyingi yapimwa injini ikinguruma na ikiwa moto, kinyume cha ya injini, lakini fuata kitabu cha gari yako. Usichanganye, na usimimine moja kwenye shimo la nyingine. Ukimimina kimakosa usiwashe, niite.

---

Chapchap_Marereni:

Nimerudi. Mwenye uzi nimefanya ulivosema. Dipstiki haikua yake kweli, fundi kanipatia ya 1NZ, sasa lita 3.7 zakaa kwenye F sawasawa. Nimeanza na daftari pia. Tangu service nimetembea kama kilomita 2,000 njia ya Garsen, leo asubuhi pahali pale pale yasoma katikati ya L na F. Nimeongeza kwa chombo chenye alama mpaka ikarudi F, zimeingia mililita 700. Nibabaike?

MwanaMaweni:

Maashallah, hicho sasa ndo kipimo, na umefanya la maana zaidi kwa kuhesabu ulichomimina badala ya kukadiria kwa jicho. Mililita 700 kwa kilomita 2,000 ni 350 kwa kila 1,000. Vitabu vya Toyota vilivyokua vikija na gari hizi vyaruhusu mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa iyo uko mbali na mpaka, lakini kwa injini nzima ni nyingi kidogo na nngetaka kujua yaenda wapi.

Weka boksi la katoni chini ya injini usiku mmoja, uone matone. Ukikuta yatoka nyuma karibu na giaboksi, ni sili ya krenki. Yakiwa juu kwenye kifuniko cha valvu yateremka na ubavu wa injini, hio gasketi ni rahisi na bei yake ndogo, anzia hapo. Ikiwa katoni ni kavu basi yachomeka ndani. Mwambie mtu asimame nyuma yako asubuhi ukiwasha: moshi wa buluu ukitoka pale unapowasha alafu ukaisha, ni sili za valvu; ukitoka pale unapokanyaga mafuta mlimani, ni ringi za pistoni. Fungua plagi nne uzipange kwa mpangilio wa silinda, ilio na weusi wa mafuta mafuta yakuonyesha silinda gani.

Endelea na daftari kilomita 2,000 nyingine, pahali pale pale, asubuhi vile vile, oili ya aina ile ile usibadilishe gredi katikati utaharibu hesabu. Ikiingia tena 700 waishi nayo, wabeba lita moja ya akiba kwenye buti. Ikiingia 900 au lita nzima, nenda kwa fundi na daftari mkononi.

Chapchap_Marereni:

Katoni naweka leo usiku, ntaleta majibu hapa hapa.